Sauti Mbele ya Kisiagi

Mwezi uliopita, hapa Kitale, mama mmoja wa kanisa letu aliniomba niwasaidie vijana watatu watakaosema mbele ya watu Jumapili ya vijana. Sijui ni nani alimwambia kwamba mimi naweza. Masomo yangu yaliishia darasa la nane, na hata barua fupi hunichukua siku mbili. Vijana wawili walisema vizuri. Wa tatu, msichana wa kama miaka kumi na mmoja, alisimama, akashika ncha ya sweta yake na kutazama sakafu, mpaka nikamwambia akae. Nilirudi nyumbani nimechoka kama mtu aliyepalilia mahindi kutwa nzima. Katika yule msichana nilikuwa nimejiona mwenyewe.

Mimi nililelewa na nyanya karibu na soko la Myanga, kule Bungoma, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Wageni wakija, nilijificha nyuma ya ghala la mahindi mpaka vikombe vya chai vikusanywe. Shuleni wenzangu waliniita Bubu. Nyanya macho yake yalikuwa yameanza kumwacha, na kwa kuwa nilizungumza kwa kunong'ona hata nyumbani, mara nyingi alikuwa hajui kama nimo chumbani au nimetoka.

"Wewe mutoto," alikuwa akisema, "uso wako siuoni tena. Basi nipatie hata sauti."

Nadhani hilo ndilo alilolitaka kwangu kuliko yote, na mimi sikuwa nalo.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Yalipokaribia mashindano ya kuhutubia, aliwaacha wanafunzi wenye maneno mengi na kuwachukua walio kimya. "Wale wa kelele hawanihitaji," alisema. Baada ya masomo alitupeleka kwenye kisiagi, ile mashine ya kusaga mahindi iliyokuwa kando ya barabara. Tulisimama mmoja mmoja mlangoni, mashine ikinguruma mgongoni, naye akavuka na kusimama upande wa pili. Akikusikia, aliinua mkono. Asipokusikia, mkono ulibaki mfukoni, nawe ulianza upya.

"Toa tumboni!" alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Koo ni la kumeza ugali!"

Bado naikumbuka harufu ya unga wa moto uliochanganyika na dizeli, na vumbi jeupe lililotua kwenye kope zetu. Mwenye kisiagi, ambaye alionekana mzee kwa sababu tu ya unga kichwani, alitutania huku akimimina mahindi. "Mheshimiwa, ongeza moto bana! Ati mashine imekushinda?"

Nami niliongeza. Hotuba yangu ilihusu kutunza chemchemi ya maji, na kufikia wiki ya tatu mwalimu alikuwa akiinua mkono kila mara. Jambo moja tu sikumwambia. Mle ndani ya kelele mimi mwenyewe sikujisikia. Nilikuwa kama mtu aliyejifunika blanketi, ndiyo maana sikuogopa.

Siku ya mashindano tulikwenda ukumbini Bungoma mjini. Nyanya alivaa kitambaa chake cha kanisani, akaketi karibu na mbele pamoja na jirani yetu. Nilipoitwa, nilipanda. Watu wakanyamaza kwa heshima, na ule ukimya ukaniangukia. Hapakuwa na mashine. Nilisikia hata mtu akikunja karatasi. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Kisha nikamsikia nyanya akimuuliza jirani, "Amepanda?"

"Amepanda."

"Sasa mbona simusikii?"

Ukumbi mzima ulisikia. Wengine walicheka, si kwa ubaya. Niliteremka bila kusema neno. Njia nzima ya kurudi nyanya alinishika mkono na hakuniuliza kitu, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Baada ya siku chache tulipeleka mahindi kusaga. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama wameketi juu ya magunia yao, nyanya ameshika bega langu. Kisiagi kilipoanza kunguruma, nami nilianza hotuba yangu, kwa mazoea tu, nikitazama ukuta. Nani angesikia? Niliisema kwa nguvu zote, kutoka tumboni, nusu kwa hasira.

Ndipo mkanda wa mashine ukakatika.

Mwenye kisiagi aliirukia injini akaizima, lakini mimi sikuwahi kuzima nayo. Sauti yangu iliendelea peke yake, sentensi nzima na nusu ya nyingine, kabla sijatambua kwamba ni mimi ninayesikika. Nilinyamaza. Akina mama wote walikuwa wamegeuka. Mwenye kisiagi alisimama ameshika kipande cha mkanda, mdomo wazi.

Nyanya akaondoa mkono begani pangu, akageuza kichwa huku na huku. "Ni nani huyo anaongea?"

"Ni mimi, nyanya."

Mkono wake ulinitafuta tena. "Ni wewe?" Kisha akasema, "Basi malizia."

Nilimalizia. Sauti ilitetemeka, lakini nilifika mwisho. Mama mmoja akasema, "Kumbe huyu si bubu," na mwenye kisiagi akaenda kutafuta mkanda mwingine.

Siku hizi nyanya hayupo. Mwalimu alihamishwa akapelekwa upande wa Cheptais, sikumwona tena. Nilipopita Myanga mwaka jana, pale palipokuwa na kisiagi wanauza mabati, na watu wengi hununua unga wa pakiti. Mimi bado huchoka kila ninaposema mbele ya watu. Huwa natamani kulala baadaye. Ila husema.

Yule msichana nimemwambia arudi Jumamosi. Nimewaza pa kumpeleka mjini hapa ambapo pana kelele za kutosha, na labda nitapapata. Lakini kelele zilikuwa nusu ya kazi tu. Ile nusu nyingine hakunifanyia mwalimu wala mtu yeyote. Mkanda ulikatika wenyewe, siku ambayo nyanya alikuwa amesimama karibu.