Mwanafunzi Wangu na Linux Yake

Nitasema ukweli: nilimwonea wivu mwanafunzi wangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyemfundisha kompyuta kule Migori, kijana wa kutoka Lambwe huyo, hata kushika kipanya alikuwa hajui. Miaka mitatu baadaye tukakutana Homa Bay tukigombania kazi moja, ya mwalimu wa kompyuta katika shule ya wasichana. Nilikuwa nimeachishwa kazi, na nyumbani watoto watatu. Kazi ile niliitaka, wacha tu.

Shule ilikuwa imeletewa msaada wa kompyuta kumi kuukuu kutoka ng'ambo, kila moja ya aina yake, tupu ndani. Pesa za kununua programu hazikuwepo. Mwalimu mkuu akatuambia tulete hiyo mifumo yetu ya bure ya kuendeshea kompyuta, kila mtu na siku yake, aone nani ataziunganisha zote zitumie printa moja.

Siku ya kwanza ilikuwa yangu. Nilikuja na BSD, mfumo niliojivunia, mtulivu, ukishawaka umewaka. Lakini zile kadi za mtandao, za kuunganishia kompyuta! Nilipekua orodha ya kadi ambazo BSD inazitambua mpaka macho yakaniwasha. Kompyuta nne zikakubali. Sita, wapi.

Kesho yake kijana akaja na mfumo wake, Linux, kwenye sidii moja, anapiga mluzi. Kufika saa nane mchana zote kumi zinachapisha. Zote! Hata ile iliyofutika jina la kiwanda. Roho iliniuma, jamani. Nilitamani stima ipotee, skrini zote zizime. Nikachungulia skrini yake nikitafuta kosa, hata dogo, nikakosa.

"Mwalimu, unaonaje?" akaniuliza, wala hakuwa ananicheka. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Mwalimu mkuu hakujua lolote la kompyuta. Akanigeukia mimi, mkubwa kwa umri. Nikajikaza.

"Hii Linux inapokea kila takataka," nikasema. "Katikati ya muhula itakwama na mitihani yenu ndani. Yangu ni imara. Hizo sita tutazinunulia kadi nyingine."

Kuhusu kukwama, nilidanganya mchana kweupe. Mwalimu mkuu akamgeukia kijana. Angeweza kunimaliza pale pale. Badala yake akaangalia chini.

"Huyu ndiye alinifundisha," akasema. "Siwezi kumpinga."

Kazi nikapata, na Linux yake nikaifuta kwenye zote kumi. Kabla ya kuondoka kijana alinipa ile sidii yake, ati huenda ikanifaa. Nikaitia kwenye droo ya meza yangu, nikafunga kwa ufunguo.

Kadi hazikununuliwa. Muhula baada ya muhula wasichana walibanana kumi kumi kwenye kompyuta moja, na zile sita ziko pembeni, zimefunikwa shuka. Siku moja msichana wa kidato cha pili, aliyekuwa amesimama kipindi kizima bila kugusa kibodi, akainua mkono.

"Mwalimu, hizo zina shida gani?"

Nikamwambia zimeharibika.