Ukuta wa Jiko la Kiden

Kuna siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Umenitumia kwa simu picha ya nyumba yenu ya Mvara, ukaniuliza kama ukuta wa jiko uvunjwe ili jiko na sebule viwe chumba kimoja. Mke wako hukumtaja hata mara moja. Ndiyo maana sikukujibu kwa simu, nikakuomba uje ukae hapa na mimi.

Wakati ule nilikuwa dereva wa lori, leo Koboko, kesho Arua, mara nyingine mpaka ng'ambo ya mpaka. Mama yako Kiden nilimtoa Abuku, kwao Wakakwa, nikamleta hapa Oli, mjini Arua, katikati ya watu wangu Walugbara. Nyumba ilikuwa vyumba viwili na jiko lenye mlango wake wa nyuma. Jiko lilikuwa dogo, akiinama kuchochea moto wa sigiri mgongo unagusa ukuta. Alilalamika mara kwa mara kwamba lina joto, moshi hautoki, ni dogo. Katika maneno yote hayo mimi nilisikia moja tu, dogo.

Na kuna jambo lingine, nalisema bila haya kwa sababu nimeshazeeka. Nilikuwa na hamu naye. Nilikaa barabarani siku nne, tano, nikirudi yeye yuko nyuma ya ukuta, nami napata sauti tu. Anaimba, anacheka na dada yake Poni, aliyeolewa hapa hapa mjini, na wanawake wa Koboko waliokuja sokoni wakaingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha. Wote wanaongea Kikakwa, haraka haraka, siambulii kitu. Nilitaka kumwona. Nilidhani kumpenda mtu ni kumweka mahali unapoweza kumtazama.

Mama yake akaugua, Kiden akaenda Abuku wiki mbili, wewe ukiwa mgongoni. Nikaita fundi, mzee mmoja wa upande wa Kongo. Aligonga ukuta huku na huku, akachunguza mbao za paa, akaniambia ukuta huo haubebi kitu, unaweza kutoka. Kisha akaweka nyundo chini.

"Mama ya jiko iko wapi?"

Nikamwambia iko kwao.

"Basi tungoje arudi."

"Mwenye nyumba ni mimi," nikasema.

Alinitazama kidogo, akaokota nyundo yake. Kufika jioni ukuta ulikuwa rundo la matofali uani.

Kiden aliporudi alisimama mlangoni bila kukufungua mgongoni. Akatazama sana. Mwisho akasema asante, umefanya kazi kubwa. Nami kwa ujinga wangu nikafurahi.

Tangu hapo nilimwona, kweli. Nilimwona akisonga enyasa, ugali wetu, nilimwona akijifuta moshi machoni, moshi ambao sasa ulitufikia sote. Shemeji zake waliketi wakiangalia sufuria yake kabla chakula hakijaiva. Lakini hakuimba tena. Nilijiambia amechoka, mtoto hamwachi alale vizuri. Wale wanawake wa Koboko walikuja mara moja, mara mbili, wakaketi kwenye viti wima kama wageni, na kwa kuwa nilikuwepo wakasema Kiswahili, cha kuniheshimu. Habari za mvua, habari za watoto. Halafu wakaacha kuja.

Kisha Poni akaja kuaga. Mume wake alikuwa amepata kazi Juba na walikuwa wanaondoka kesho yake. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale, mwanangu, na haikunijia kichwani kwamba ninaweza kutoka nje. Walikunywa chai. Waliniuliza habari za gari. Poni aliposimama, Kiden akamshika mkono akaushikilia, wakatazamana, wakanitazama mimi, wakaachana. Hawakulisema walilokuwa nalo. Poni hakurudi tena. Vita vilimkuta huko, tukapata habari za kifo chake kwa mdomo wa watu.

Kiden hakunilaumu. Alifunga nguo zake, akasema anakwenda kumwona mama. Wiki mbili zikapita, mwezi, nikisikia kila safari kwamba bado yuko. Siku moja nikageuza lori, nikaenda Abuku mwenyewe. Nilipokaribia ua wao nikasikia sauti yake kutoka jikoni kwa mama yake, jiko la udongo lenye mlango wa kuinamia. Alikuwa analia na kusimulia kwa wakati mmoja. Sikuelewa neno isipokuwa jina la Poni. Nikasimama na kofia mkononi. Ndipo mama mkwe wangu alipotoka, bado dhaifu, akanikuta hapo.

"Umesikia?" akaniuliza. "Mtoto yangu analilia dada yake. Kwako atalilia wapi?"

Kiden alipotoka nikamwambia nitarudisha ukuta. Akasema, "Baba Drani, ungeniuliza siku ile, ningekuambia utoboe dirisha."

Dirisha tu, mwanangu. Nikarudi Oli nikamtafuta yule mzee fundi. Hakunicheka. Alijenga ukuta akaacha dirisha pana la kutoa moshi, na Kiden akarudi. Wanawake wakarudi mmoja mmoja kwa mlango wao wa nyuma. Baada ya mwaka hivi nikamsikia akiimba, kwa sauti ya chini. Nilikuwa nje naosha gari, nikaacha kuosha. Lakini ile kwaheri ya Poni hakuna fundi wa kuirudia, na Kiden aliibeba mpaka tulipomzika. Nami nimebaki na masikio yaliyozoea kusikiliza upande ule. Mchana huwa nanyamaza, nangoja, kisha nakumbuka.

Sikuambii ukuta ni mzuri. Huenda mkeo Ayikoru mwenyewe anataka jiko wazi, apike huku akiwaona watoto, aongee na wageni; basi ukuta ukivunjwa ni haki yake. Huenda anataka dirisha. Huenda anataka msiguse kitu. Sijui, na wewe hujui, kwa kuwa hukumwuliza. Rudi Mvara, kaa naye pale pale jikoni, umwulize anafanya nini humo zaidi ya kupika, halafu unyamaze mpaka amalize. Akilalamika, usiwahi kumjibu kwa nyundo. Na akija mtu wa kwao kumuaga, simama, utoke nje.

Nenda sasa kabla mvua haijashuka. Mungu akulinde njiani, akukutanishe na mkeo mkiwa na afya, na miaka yenu ya kukaa pamoja iwe mingi kuliko yangu na mama yako.