Utanipa Katika Ulichoendea

Juma lililopita mjukuu wangu, anayefanya kazi hotelini Diani, alinijia na swali. Kuna Jumamosi anazoitwa kazini ghafla, na jirani yake amekubali kumshikia mtoto siku hizo. Sasa alitaka kujua ampe ngapi. Wenzake wengine hulipa kwa saa, wengine kwa siku, na mmoja alimwonya asitoe nyingi asije akamzoesha vibaya. Nilicheka mpaka miwani ikanidondoka. Swali lenyewe si la mzaha, ndugu yangu. Nilicheka kwa kuwa nilimkumbuka nyanya yangu, ambaye katika miaka ya hamsini, kijijini kwetu Tiwi, alikuwa na bei ya kazi hiyo ambayo sijaisikia kwingine mpaka leo.

Nyanya alikuwa na nyonga mbovu. Hakuweza kutembea mwambani kutafuta pweza maji ya bahari yakitoka, wala kuinama shambani akalima. Basi wanawake waliokuwa na safari walipita kwake asubuhi na kumwachia watoto. Ukumbi wetu ulinuka uji wa mchele na tui. Mimi nilikuna nazi na kufukuza kuku, naye alikaa mkekani, mtoto mchanga kabisa pajani, mwingine mgongoni akimvuta ushungi, huku mkono wake ukipiga mgongo wa yule wa pajani taratibu, pa, pa, pa. Ule mkono haukuchoka. Nimelea wanangu na wajukuu, na sikuwahi kuupata mkono kama ule.

Aliyemwuliza bei alipewa jibu lile lile: "Utanipa katika ulichoendea." Basi. Waliokwenda pwani walimletea mnyiri wa pweza, na kitoweo chetu kikapatikana. Waliokwenda shamba walileta muhogo na kisamvu. Aliyekwenda arusini alidaiwa sahani ya pilau na habari zote, na hapo nyanya hakuwa na huruma: nani alivaa nini, nani alinuna, jikoni waligombana kwa sababu gani. Ukificha, alijua. Na aliyerudi mikono mitupu hakudaiwa kitu. "Pwani imekunyima wewe, mimi nikudai nini?" Na msibani je? "Msibani hakuchumwi kitu," alisema, na mtoto wa aliyefiwa akamshika bure mpaka matanga yakaisha.

Kisha karani mpya wa mudiri, mtawala wa sehemu yetu, akahamia kwetu na mkewe, msichana wa Kikoneni, mpole, mwenye mtoto wa miezi michache. Siku moja alikuja alfajiri akitaka kuwahi basi la kwenda Msambweni. Alimlaza mtoto mkekani, na kando yake akaweka shilingi.

Shilingi! Paa letu la makuti lilikuwa limechoka, masika yanabisha hodi, na mimi nilikwisha kuiona ile shilingi ikigeuka makuti mapya. Nyanya aliiokota akairudisha kiganjani mwa mwenyewe.

"Waenda wapi, mwanangu?"

"Nina safari tu, bi mkubwa."

"Haya, nenda salama. Utanipa katika ulichoendea."

Alirudi jioni macho mekundu, mikono mitupu, akaitoa tena ile shilingi. Nyanya akaikataa tena. Safari ya pili mambo yakawa hayo hayo, na maneno yakaanza kisimani. Mwanamke gani huyu asiyesema aendako? Wengine walimsingizia mwanamume, wengine uganga. Jirani yetu wa karibu, mama wa pacha, akaja kumwambia nyanya waziwazi kwamba mtoto wa mtu huyo akiendelea kulazwa mkeka mmoja na wanawe, yeye atawaondoa pacha wake, na wenzake watamfuata.

"Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake," nyanya akamjibu. Lakini niliona limemchoma. Wale watoto ndio waliokuwa riziki yake, na ndio waliokuwa furaha yake pia. Ukumbi ukibaki mtupu, angefanya nini na nyonga ile?

Safari ya tatu, mke wa karani hakusimama mlangoni. Aliketi, akafunika uso kwa leso.

"Bi mkubwa, nilichoendea siwezi kukuletea. Nikikwambia, hutamshika mwanangu tena."

"Sema."

"Namwendea mamangu. Yuko kwenye makao ya wenye ukoma. Mjukuu wake hajapata kumwona hata siku moja. Mume wangu ataka nimfiche, asema watu watatukimbia."

Mimi niliacha kukuna nazi. Siku zile watu walilitaja neno hilo kwa kunong'ona, na nilijua wanawake wa kisimani wangefanya nini wakilisikia. Nilimtazama nyanya. Mtoto alikuwa pajani mwake, na mkono haukusita: pa, pa, pa.

"Basi, bei nimeipata," akasema. "Mpe mamako salamu zangu, nawe uniletee zake. Na usinipunje."

Yule msichana alilia mpaka akakaribia kukosa basi. Tangu siku hiyo alikuja na uso wazi, na jioni alilipa kwa ukamilifu: mama amesema hivi, mama anakushukuru, mama auliza mtoto alala vipi. Nyanya naye hakukubali kupokea tu. "Mwambie mwenzangu mtoto ameota jino. Mwambie ana kelele kama kasuku." Mara nyingine alifungasha na ndizi. Bibi wawili wasiopata kuonana walimlea mjukuu mmoja kwa midomo ya watu. Jirani alipokuja kuuliza yule mke wa karani hulipa nini, nyanya alimjibu, "Salamu."

"Za nani?"

"Za mtu mzima mwenzangu." Na kwa alivyotamka, jirani akaaga akaenda zake. Pacha hawakuondolewa.

Masika yalipoingia paa lilivuja kama chujio. Nyanya aliuhamisha mkeka huku na huku akiligombeza paa, na sikumsikia hata mara moja akiitaja ile shilingi.

Jioni moja mke wa karani aliteremka basini akaja polepole. Nyanya alikuwa tayari ukumbini na habari yake mpya, kwamba mtoto amesimama. "Haya, nilipe," akamwambia akicheka. Yule msichana akafunika uso kwa leso.

Nyanya akamtazama. Kisha akamvuta akamketisha kando yake, mkono ule ule ukaanza kumpiga mgongoni, pa, pa, pa.

"Leo hunilipi, mwanangu. Msibani hakuchumwi kitu."

Akamlilia mwanamke ambaye hakupata kumwona. Sikuwahi kumpenda nyanya kama nilivyompenda jioni ile, na leo nikienda Tiwi nikakuta ukuta wa nyumba za wageni pale ulipokuwa ukumbi wetu, hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakuna alama yoyote ya kuonyesha aliketi hapo.

Mjukuu wangu nilimwambia ampe jirani pesa zake kamili, kwa maana kodi ya nyumba hailipwi kwa salamu. Akanishukuru, akasimama aende zake. Nikamwuliza kama jirani huyo ana wazazi, na kama ni wazima.

"Sijui, nyanya," akasema. "Sijamwuliza."