Kasuku wa Karani wa Nyaishozi

Mwaka 1936 hapakuwa na mtu Nyaishozi aliyejiheshimu kumzidi Egbert, karani wa baraza. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba hata waliohukumiwa waliusifu.

Binamu yake alipomletea kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu kutoka msitu wa Minziro, Egbert alijua papo hapo kazi ya kumpa. Ndege angekaa mlangoni pa baraza, na kila asubuhi angetangaza: "Karani amefika, simameni!"

Mafunzo yakaanza. Kila siku kabla ya kazi, Egbert akiwa amekwisha kufunga tai, alisimama mbele ya tundu akarudia maneno hayo mara arobaini, kwa sauti yake ya kusomea hukumu. Kasuku alimsikiliza kwa adabu, kichwa upande. Egbert alipoingiza kidole kumhimiza, aling'atwa mpaka damu ikatoka.

"Ukiona mboni zake zinanywea na kutanuka, usimguse," alisema mkewe, Kokushubira. "Hapo amekasirika."

"Wewe umesomea ndege wapi?"

Hakusomea popote. Ila kila alipomenya ndizi aliliweka tundu karibu naye, akampa ndege kipande cha ndizi mbivu, akamkuna kisogo na kumsimulia habari za majirani. Miezi minane ikapita. Kasuku hakutamka neno, na Egbert akaamua kwamba ni mjinga.

Kisha mama yake Kokushubira akaugua, na Kokushubira akaenda kwao Kibingo kumuuguza. Wiki ya tatu kasuku akaanza kujinyonyoa manyoya. Egbert akamwita dresa wa zahanati, aliyempaka dawa ya upele. Ndege akayanyonyoa yaliyobaki pamoja na dawa yake, kifua kikawa uchi kama cha kuku wa kuchemshwa.

Jirani yao, bibi kizee Stephania, alipita akamtazama.

"Shikamoo, mama," Egbert alisema. "Ugonjwa gani huu?"

"Marahaba. Si ugonjwa, Karani. Ndege wa makundi huyu, na umemwacha peke yake."

"Peke yake? Nami nipo hapa kila siku!"

"Upo. Lakini unazungumza naye, au unamwamuru?"

Jioni ile Egbert alifunga mlango wa uani asionekane, akavua tai, akaketi kwenye kigoda cha mkewe na kumenya ndizi. Alizimenya vibaya, nusu ya ndizi ikaenda na ganda. Kwa kukosa la kusema, akamsimulia kasuku kesi ya mbuzi aliyekula mbegu za maharage.

Jioni ya sita ndege aliinamisha kichwa ili akunwe. Egbert akamkuna. Kasuku akafumba macho, kisha akasema kwa Kihaya, kwa sauti ya Kokushubira mwenyewe: "Egbert, umechoka?"

Kisu kilimponyoka. Maneno hayo mkewe alimwambia kila jioni kwa miaka kumi na mmoja, naye hakukumbuka kama aliwahi kuyajibu.

"Nimechoka," akamwambia ndege.

Jumamosi alifunga tundu nyuma ya baiskeli, akaisukuma kwenye milima hadi Kibingo. Kokushubira alikuwa uani akianika maharage.

"Umekuja kunitazama?"

"Nimemleta ndege. Amekonda."

Mke akakitazama kifua cha kasuku, kisha shati la mumewe lililofungwa vifungo upande.

"Naona mmekonda wote wawili," akasema, akaenda kuwasha moto.

Egbert alikaa siku nne, akamenya ndizi mbele ya mashemeji waliocheka mpaka wakashika mbavu. Wakati wa kuvuna kahawa mgonjwa alipona, Kokushubira akarudi nyumbani, na manyoya ya kasuku yakaota upya. Miaka iliyofuata watu walikuja hata kutoka Igurwa kumuuliza Karani jinsi ya kufuga kasuku. Aliwaketisha, akawafafanulia kwa kirefu habari za mboni, kisogo na upweke, kama mtu aliyezigundua mwenyewe. Kokushubira alisikia yote kutoka jikoni, akamwacha amalize.