Munira na Kadi Isiyotambulika

Mvua za Ufipa huja na radi, na kila msimu radi huunguza kadi za mtandao. Kuzibadilisha ni kazi ya Munira Abdulnasir, fundi wa kampuni ndogo inayosambaza intaneti Sumbawanga mjini. Mashine yao ilitengenezwa ibadilishwe kadi huku inafanya kazi, lakini kila walipochomeka mpya, programu ilijibu kwamba hakuna kifaa. Ikabidi wazime kila kitu, na wateja wote wakakatikiwa.

"Tumeshazoea," alisema Kornel, mkuu wake. "Zima, washa, maisha yaendelee."

Munira hakutaka kuzoea. Programu ile ilitegemea maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine na ulio wazi kwa yeyote kuusoma. Akaanza kuusoma. Baba yake, mwenye malori ya kubeba dagaa kutoka Kirando, alimkuta barazani na kompyuta mapajani.

"Unatafuta nini humo, mwanangu?"

"Basi, baba."

"La Mbeya au la Mpanda?"

Munira alicheka, akamweleza. Ndani ya mashine, njia ambayo kifaa huunganishwa nayo huitwa basi, na yapo ya aina kadhaa. Kadi mpya ikiingia, maktaba huchukua jina la kadi hiyo na kuyauliza mabasi ni la nani. Basi la kwanza kudai kwamba ni lake liliaminiwa papo hapo, hata kama kadi haikuwa kwake, na mengine hayakuulizwa tena.

Akaandika marekebisho: maktaba iendelee kuuliza mpaka kadi yenyewe ionekane. Akayatuma kwa wasimamizi wa maktaba hiyo, watu wa mbali asiowajua. Mmoja alijibu kwa ukali kidogo kwamba yangeharibu vifaa vya zamani. Munira aliumia, lakini akaona mtu yule amesema kweli. Akaandika upya. Safari hii wakayapokea, yakiwa na jina lake, naye akaiweka maktaba iliyorekebishwa kwenye mashine ya kampuni.

Radi ilipounguza kadi nyingine, Kornel aliichomoa, Munira akachomeka mpya. Taa ya kijani ikawaka. Kornel aliitazama simu ya ofisi, akisubiri malalamiko. Haikulia.

"Imepona hapa kwetu tu?" aliuliza.

"Popote maktaba hii inapotumika."

"Hata Ulaya?"

"Hata huko."

Kornel akampa mkono, akaushikilia kwa muda. Jioni Munira alipita sokoni, kichwa juu, akisalimia watu hata asiowafahamu, kama mwenye mji wake.