Diski za Bi Somoe

Mtaani kwetu Temeke tunajivunia Bi Somoe, mpiga chapa wa ofisi moja ya mambo ya kale. Kila mwaka, kabla ya masika, alinakili ripoti zote za uchimbuaji kwenye diski mpya, akazifungia mkebeni pamoja na vipande vya mkaa vya kunyonya unyevu.

“Dada, diski si kanga, mbona huchoki kuzifua?” mwenzake Masoud alimtania.

“Cheka tu, kaka. Hata kanga ikiachwa huota ukungu.”

Mwaka 1996 kompyuta kuukuu ilikufa na ripoti za makaburi ya kale. Nakala za karatasi zilishaliwa na mchwa. Bi Somoe alifungua mkebe, akatia diski kwenye kompyuta mpya. Ripoti zikafunguka, zote.

“Haya, Dada,” Masoud alisema, “masika yajayo tunafua wote.”