Namtula wa Redioni

Harufu ya salfa hainitoki puani. Mwezi wa saba kijiji chetu kizima cha Mpapura kilinuka salfa, unga wa njano tunaoipulizia mikorosho inapotoa maua ili ugonjwa wa ubwiri usiyaunguze. Ilikaa kwenye nywele, kwenye shuka, hata kwenye ugali wa muhogo. Wengine wanaikumbuka kwa furaha. Mimi ikinifikia nakasirika, na sioni haya kusema hivyo.

Nilikuwa darasa la sita. Msimu huo watu waliuziwa salfa iliyochanganywa na chokaa, maua yakaanza kukauka mitini. Asubuhi moja redio ikatangaza kuwa aliyeichanganya amekamatwa mjini, jina lake la mwisho Namtula. Nami nilikuwa Zainabu Hamisi Namtula. Mtu huyo hatukumjua kabisa. Kwetu Namtula lilikuwa jina la utani la babu yangu Issa. Baba aliniandikisha nalo kwa sababu mwalimu, mgeni wa mikoa ya mbali, alitaka jina la ukoo, na baba aliona aibu kukosa la kumpa. Kila Mmakonde anajua ukoo hauendi hivyo. Litawa, yaani ukoo wenyewe, mtoto anaupata kwa mama; jina la babu mzaa baba ni la daftari tu. Wazee waliotufundisha hayo waliyasahau kabla chai haijapoa.

Majirani walianza kwa utani, wakamwita baba Bwana Chokaa. Kisha salamu zikapungua. Mashine ya kupulizia ilikuwa moja kwa kaya kumi, kwa zamu, na zamu yetu ilipofika ikarukwa. Maua yetu yalikuwa yameshafunguka, na kila siku tuliyokosa dawa ubwiri uliyala zaidi. Baba alibembeleza mlango kwa mlango. Mama hakuwa na subira hiyo. Alinishika mkono hadi kwa Bi Somoe, jirani aliyetunza mashine.

“Mimi na wewe litawa moja, dada,” mama akasema. “Huyu mtoto wangu, basi ni wako. Huyo Namtula wa redioni anatuhusu nini?”

Bi Somoe aliendelea kupepeta. “Samaki mmoja akioza, wote wameoza,” akasema. “Mashine haitoki.”

Methali hiyo naichukia mpaka leo. Huisema mtu asiyetaka kufunua tenga akaangalia. Maua yetu yaliungua yote, na mwaka ule hatukuokota hata ndoo moja ya korosho. Baba akaenda shuleni kumwomba mwalimu afute Namtula, aandike Issa. Nilisimama dirishani nikaona kalamu ikipita juu ya jina la babu yangu. Baba alisema asante mara mbili.

Siku hizi naishi Naliendele, na habari hazingoji redio. Mwezi uliopita simu zilijaa picha ya kijana mmoja Namtula, aliyepewa cheo kikubwa serikalini. Huyo naye hatumjui. Adhuhuri haijafika, Bi Somoe, sasa kikongwe, akanipigia kwa simu ya mkwewe. Alinipongeza kwa ndugu yetu, akataka nimwombee mjukuu wake kazi.

“Jina jema hung'ara gizani, mwanangu,” akasema.

Zamani tulihukumiwa kwa jina, leo tunapongezwa kwa jina, na hakuna anayeuliza zaidi ya alivyouliza wakati ule.

“Mimi ni Zainabu Hamisi Issa, mama,” nikamwambia. “Namtula mlilifuta wenyewe.”

Akaniuliza kama ninayo namba ya huyo kijana.